Maliza Dozi

Bartholomayo hakubisha hodi. Aliingia dukani kwa dadaye, akatoa mfukoni chupa tatu za plastiki, akazifungua moja baada ya nyingine na kuzipindua juu ya kaunta. Ya mwisho aliigonga kitako mara mbili, kama mtoto anayemwonyesha mama yake kwamba uji umekwisha hadi tone.

"Shikamoo, kaka," alisema Mabel, ameshaanza kucheka kabla hajajua anachekea nini.

"Marahaba, Mama Christopher. Haya, kagua mwenyewe. Vidonge vya mwisho nimevimeza leo alfajiri. Mwaka mzima, na sikuruka hata siku moja. Nimemaliza dozi!"

Mabel akapiga makofi. Alipiga makofi kweli, mbele ya wateja. "Hongera, kaka! Wangekuwa wote kama wewe, mimi ningelala usingizi." Kisha akamgeukia bibi mmoja aliyekuwa akisubiri dawa ya kichwa, akainama kwenye rafu ya chini, na kumchotea vidonge viwili vya aspirini kutoka kwenye kopo kubwa la vidonge elfu. "Umemwona huyu, bibi? Huyu ametiwa chuma moyoni, huko India, na dozi kamaliza. Wewe vidonge vya malaria vya siku tatu tu vinakushinda."

Bibi akacheka, Bartholomayo akacheka, na mpiga debe wa stendi aliyesimama mlangoni akacheka bila kuulizwa. Ilikuwa siku ya kucheka. Ndiyo maana Mabel hakuja kuisamehe.

Tuseme ukweli: neno lile halikuwa la Bartholomayo, lilikuwa la Mabel. Miaka kumi na tisa alikuwa mhudumu katika zahanati ya serikali, na kwa macho yake aliona watoto wakizikwa kwa sababu mama zao waliwapa vidonge siku moja, homa ikashuka, na vilivyobaki vikafungwa kwenye pindo la kanga kumngoja mgonjwa mwingine. Ilipokuja enzi ya ruksa, ya biashara huria, serikali ikapunguza watumishi wake, naye akapunguzwa. Lakini ruksa hiyohiyo ndiyo iliyomfungulia duka la dawa baridi pale Newala, hatua chache kutoka stendi. Juu ya mlango aliandika kwa mkono wake, kwa rangi nyekundu: MALIZA DOZI. Aliyetaka kununua nusu alifukuzwa na maneno juu. Watoto walimwita Mama Maliza Dozi, naye jina hilo alilipenda kuliko lile alilobatiziwa. Kwake yeye ugonjwa ulikuwa na mwanzo na mwisho, na dozi vilevile. Aliyefika mwisho alipona, aliyeishia njiani alijitakia. Wenye presha na kisukari walikuwa watu wa hospitali, hawakupita kwake.

Na Bartholomayo alikuwa kakaye mkubwa, tumbo moja, fundi wa mashine za kupulizia salfa, ile poda ya njano inayoukinga mkorosho na ugonjwa wa ubwiri. Tangu mume wa Mabel alipofariki, yeye ndiye aliyemsomesha Christopher hadi akawa mwalimu Masasi, maana kwa desturi yao mtoto ni wa mjomba. Tajiri mmoja, mnunuzi wa korosho, alimthamini mno kwa mikono yake. Basi kifua kilipoanza kumkaba fundi wake akipanda ngazi ya ghala, tajiri yule, aliyekuwa na ndugu India, akampeleka huko kwa gharama zake. Watu wa Newala hawakosi la kusema. Walisema: korosho zetu zinapelekwa India kubanguliwa, sasa hata moyo wa Bartholomayo umekwenda kubanguliwa!

Alirudi baada ya wiki tatu, hana kovu la kuwaonyesha watu, akawaeleza kifundi. "Mshipa wa moyo ulikuwa umeziba, kama mpira wa mashine unavyoziba salfa inaposhika unyevunyevu. Wakapitisha waya, wakauzibua, wakaacha humo kispringi kidogo, kama kile cha kalamu ya kubonyeza, usizibe tena. Basi. Mashine imetengenezwa." Alikuja na dawa za mwaka mmoja na karatasi ya Kiingereza iliyoandikwa pande zote mbili. Karatasi akamkabidhi dadaye. "Wewe ndiye daktari wetu," alimwambia. Mabel aliisoma ukurasa wa mbele: majina ya dawa, mara ngapi kwa siku, mwaka mmoja. Akaikunja, akaitia kwenye bahasha, na bahasha akaiweka ndani ya Biblia ili isipotee.

Wiki saba baada ya siku ile ya makofi, mwezi wa sita, mashamba yakiwa yamejaa vumbi la njano na kelele za mashine, Bartholomayo alikwenda kumtengenezea Alfani, mkulima mmoja, mashine yake iliyogoma. Alfani alisema baadaye kwamba alimwona fundi amepiga magoti, akadhani anatafuta nati iliyoanguka. Akamngoja. Masikini, alimngoja kitambo kizima, hata akamtania, "Fundi, nati imegeuka dhahabu?" Alipomwinua, salfa ilikuwa imegandamana na jasho usoni mwake, na midomo haikuwa na rangi ya mtu.

Pikapu ya jirani yao Lukmani iliwashusha kutoka Newala kwa ile barabara ya kona na makorongo, ikapita Masasi bila kusimama, ikashika njia ya hospitali ya Ndanda. Nyuma, juu ya godoro, Agatha mke wa Bartholomayo alikuwa amempakata mumewe kifuani, na Mabel amemshika miguu. Kila shimo lilimtoa mgonjwa mguno. Walipokuwa wanaviona vilima vya mawe vya Masasi, akafumbua macho na kumtafuta dadaye.

"Mabel," alisema. "Dozi si nilimaliza?"

"Ulimaliza, kaka."

"Sasa?"

 Mabel alimsugua nyayo njia nzima, na nyayo zilikuwa baridi.

Ndanda walimpokea mbiombio. Agatha alipoambiwa akatafute beseni na shuka, Mabel ndiye aliyeitwa ndani na bahasha yake. Daktari Fakihi alikuwa kijana mpole mwenye macho ya kukosa usingizi. Aliisoma karatasi ukurasa wa mbele, akaigeuza, akasoma na wa nyuma. Mabel alipomwona anaigeuza, alikumbuka kwamba yeye hakuigeuza.

"Aspirini aliacha lini?"

"Hakuacha, daktari. Aliimaliza."

"Aliimaliza?" Daktari hakupandisha sauti, na heri angepandisha. "Mama, aspirini ya mwenye chuma moyoni haimalizwi. Hizi nyingine wameandika mwaka, kisha aonwe tena. Lakini aspirini, tazama hapa nyuma, wameandika maisha yake yote. Chuma ni kitu kigeni mwilini. Damu ikikosa dawa, inaweza kukigandia, na mshipa unaziba mara moja. Kipande kidogo tu kingetosha. Robo ya kidonge kila siku, hivi hivi vya kuumwa kichwa. Madukani ni bei ya pipi." Akaikunja karatasi. "Nani aliyemwambia aache?"

Mabel alitazama kalamu mkononi mwa daktari. Ilikuwa ya kubonyeza.

"Sijui," alisema.

Neno dogo, silabi tatu. Lakini alipotoka nje na kumkuta wifi yake amekaa chini na beseni lake, akimwuliza, "Wanasemaje, wifi?" aliona haya mpaka masikio yakawasha. "Wanasema moyo umechoka," alimjibu. Hilo nalo halikuwa uongo mtupu, na uongo wa namna hiyo ndio mbaya kuliko wote.

Bartholomayo hakufa. Alilazwa mwezi mzima na ushei, akarudi Newala mtu mwingine. Upande mmoja wa moyo ulikuwa umekufa, alisema daktari, na kilichokufa hakifufuliwi. Unaobaki utavuta mzigo wa pande mbili mpaka utakapochoka. Miguu ilivimba, ukiibonyeza inaacha shimo. Kutoka kitandani mpaka barazani alipumzika mara mbili. Mikono iliyokuwa ikifungua mashine gizani ikiijua kila nati, sasa ilitetemeka kushika kikombe. Akilala chali alizama katika pumzi zake mwenyewe, kwa hiyo alilala ameketi, ameegemea magunia mawili yaliyojazwa sufi. Mabel alikwenda kila siku, alifua, alipika, alichota maji kwenye foleni kabla ya jua, na kila aliyemwona alisema, huyo ndiye dada. Alipokuwa akisifiwa hivyo, aliinamisha kichwa akakazana kufua.

Na watu nao hawakuacha kutafuta. Ugonjwa mkubwa lazima uwe na mwenyewe. Wengine walisema chuma kimeshika kutu kwa sababu ya salfa. Lakini ukoo wa Bartholomayo, upande wa mama, ulipomaliza kunong'ona ulikuwa umeshamkamata mtu: Agatha. Si ndiye aliyempikia? Si alionekana na Mama fulani akimchemshia ming'oko, vile viazi vya porini, kwa chumvi na pilipili, na India walikataza chumvi? Mwisho wa mwezi wa nane wazee wakaja, wakiongozwa na Mzee Nikolao, mjomba wao aliyebaki, kutangaza walichokwisha kuamua. Mtoto wao anarudi kwenye uwanja wa ukoo wa mama yake. Atauguzwa na wa damu yake.

"Chumvi nilimkatia tangu aliporudi," Agatha alisema. Alikuwa amekaa mkekani, mikono mapajani. "Ming'oko ya chumvi nilikula mimi. Yeye alikula chapwa, akinitukana. Muulizeni, yupo."

"Mwacheni," alisema Bartholomayo kutoka kwenye magunia yake. Akavuta pumzi. "Mwacheni mke wangu." Akataka kuendelea, lakini pumzi haikuja, akanyoosha kiganja tu hewani kikabaki hapo.

"Mgonjwa haulizwi," alisema Mzee Nikolao. "Mgonjwa anatunzwa. Na wewe, mama, kutunza kumekushinda. Hatukulaumu mbele za watu, tunamchukua mtu wetu."

Hatukulaumu! Mabel, aliyekaa upande wa ndugu, alijua maana ya maneno hayo. Mwanamke huyu angebaki na nyumba tupu na jina la mwuaji, na Flora, binti yake aliyekuwa kidato cha tatu, angelibeba jina hilo mpaka kwa mume. Ilitosha mtu mmoja kufungua mdomo. Lakini kulikuwa na mikorosho. Mikorosho mia mbili ya Bartholomayo, aliyoipanda kwa jasho lake, kwa mila isingekwenda kwa Flora. Ingekwenda kwa Christopher, mtoto wa dada. Sasa dada huyo huyo asimame aseme mimi ndiye niliyemwachisha mjomba dawa? Nani angeamini kwamba ni ujinga? Ujinga haurithi shamba. Wangesema amemtengenezea kifo, na duka lake wangelipita kama kaburi. Mabel aliuma ulimi. Mchuma janga hula na wa kwao, lakini yeye alikuwa amelichuma na anamlisha wifi yake peke yake.

Agatha akainuka. Hakulia. Aliingia ndani, akatoka na shati mbili za mumewe, shuka, na sahani ndogo yenye wembe na pakiti ya vidonge. Ile sahani hakuwapa wazee. Alikuja nayo mpaka mbele ya Mabel, akapiga magoti.

"Wifi, wewe ndiye unayejua dawa. Hii unaikata robo nne, taratibu, maana ina tabia ya kusagika. Unampa baada ya uji, si kabla, inamchoma tumbo. Na wifi yangu," akaishusha sauti kama anayempa siri, "hii daktari alisema haimalizwi. Usije ukasahau ukasema imekwisha. Haimalizwi."

Hapo ndipo Mabel alipovunjika. Sahani aliipokea, ikagongana na pete yake, wembe ukaanguka mkekani.

"Si chumvi," alisema. Sauti ilitoka kama ya mtu mwingine. "Mjomba, si chumvi. Ni mimi."

Akasema yote. Alisema karatasi ilikuwa na kurasa mbili, yeye akasoma mmoja. Alisema siku kaka alipoleta chupa tupu, yeye ndiye aliyempigia makofi na kumpa hongera, na kwamba mtu aliyehitaji kuambiwa "endelea" aliambiwa "umemaliza" na yule aliyemwamini kuliko wote. Alisema Daktari Fakihi alimwuliza nani amemwachisha, naye akajibu sijui. Alipofika hapo akashindwa, akajifuta uso kwa ncha ya kanga.

 Kisha mwanamke mmoja nyuma akasema polepole, kama anayeota, "Mikorosho mia mbili." Na minong'ono ikafunguka kama nyuki waliochokozwa. Mzee Nikolao alipiga fimbo chini, haikusaidia. Mabel alikuwa ametazamia hayo, akayaacha yampige. Alikuwa anamtazama kakaye.

Bartholomayo naye alikuwa akimtazama, muda mrefu, kwa macho yale ya fundi aliyekuwa akisikiliza mashine kabla hajaifungua.

"Siku ile," alisema, akavuta pumzi. "Aspirini ilikuwepo? Dukani?"

"Ilikuwepo, kaka."

"Wapi?"

"Rafu ya chini. Nilimpa yule bibi. Wewe umesimama pale."

Akafumba macho. Akaugeuza uso wake ukutani, na kwa hali yake kugeuka tu ilikuwa kazi. Wazee waliondoka mmojammoja bila kuaga, na mgonjwa wao hawakumchukua.

Baada ya hapo Mabel alikula alichokipika. Dukani walikuja wageni na wapita njia tu. Wenyeji walipeleka maradhi yao kwingine. Christopher alipanda gari kutoka Masasi, akakaa naye siku mbili bila kumtazama usoni, akarudi. Siku moja Mabel alichukua chokaa akayafuta yale maandishi mekundu juu ya mlango. Mvua ya kwanza ikaiosha chokaa, na MALIZA DOZI ikarudi, imepauka kidogo. Akaiacha.

Lakini kila asubuhi, kabla ya kufungua duka, alikwenda kwa kakaye. Alitua ndoo ya maji uani, akasimama kizingitini. Agatha hakumkaribisha wala hakumfukuza. Alikata kidonge mwenyewe, akampa mumewe robo moja, Bartholomayo akameza akiutazama ukuta, na Mabel akaenda zake. Ikawa hivyo mwezi wa tisa wote. Ikawa hivyo mwezi wa kumi, korosho zilipoanza kudondoka na watoto kutapakaa mashambani kuziokota. Miguu ya Bartholomayo ilivimba zaidi. Agatha alilegeza kamba za viatu vya mumewe, halafu akaviondoa kabisa chini ya kitanda, na hapo wote wakaelewa kwamba hatavivaa tena.

Asubuhi moja ya mwezi wa kumi na moja Mabel alitua ndoo yake, akakuta Agatha hayupo. Sufuria ya uji ilikuwa imefunikwa, bado ya moto. Bakuli la mgonjwa lilikuwa limeshalambwa. Kwenye kigoda, karibu na kitanda, ilikaa ile sahani na wembe, na kidonge kimoja kizima. Agatha hakuwa mtu wa kusahau kitu.

"Shikamoo, kaka," alisema Mabel kizingitini, kama alivyosema kila siku bila kuitikiwa.

 Kisha, kutoka kwenye magunia, sauti kavu: "Marahaba."

Akaingia. Alipiga magoti, akaweka wembe katikati ya kidonge, akabonyeza. Alikuwa ameuza maelfu ya vidonge hivyo na hakuwahi kukata hata kimoja. Nusu moja ilimegeka vibaya, unga mweupe ukabaki juu ya wembe. Akaulamba, ulikuwa mchungu na mkali. Alipomaliza, robo mbili zilikuwa nzuri na mbili mbovu. Akamchagulia kakaye iliyo nzuri.

Kile kipande kilihama kiganja hiki kwenda kile kwa taabu ya watu wazima wawili. Bartholomayo akakitia mdomoni. Akanywa maji, akapumzika, akanywa tena. Halafu akakipindua kikombe juu ya goti lake na kukigonga kitako kwa kidole, mara mbili.

"Nimemaliza," alisema.

Alikuwa akimtazama. Miezi mitatu hakumtazama, na sasa alikuwa akimtazama na kungoja, na pembeni mwa mdomo kulikuwa na kitu ambacho kwa mtu mzima wa afya kingekuwa kicheko. Mabel alitaka kusema neno jingine lolote. Alitaka kusema nisamehe. Machozi yalimtangulia.

"Bado, kaka," alisema. "Bado."

Bartholomayo akaitikia kwa kichwa, akaegemea magunia yake, akafumba macho ili avute pumzi. Mabel akakisafisha kigoda kwa kiganja. Robo zilizobaki akazikusanya ndani ya kipande cha karatasi, akazipanga kwa zamu: ya kesho, ya kesho kutwa, na ya mtondo. Hakuhesabu zaidi ya hapo.